Vyuma vya Kunyoosha Mgongo: Vishikeni Kabla ya Kuviogopa

Hotuba ya muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, katika siku ya afya ya wadi



Kazi yangu ni kusimama kando ya daktari wa mifupa na kumpa kifaa anachohitaji. Nimeombwa nizungumze juu ya upasuaji wa kunyoosha uti wa mgongo, nikaona heri nije na vifaa vyenyewe. Hivi vilivyo mezani vimeondolewa kazini zamani, kwa hivyo shikeni bila wasiwasi. Nimevileta kwa sababu nimekutana na wazazi wengi waliokataa rufaa baada ya kusikia kwamba mtoto atatiwa vyuma mgongoni. Waliogopa chuma, wakangoja.

Hata kwetu tulingoja. Binti ya dada yangu alianza kupinda mgongo akiwa na miaka 11. Mama yangu akasema ni mitungi ya maji, tukamkataza kuchota maji. Mgongo ukaendelea kupinda, kwa sababu mtungi hausababishi ugonjwa huu. Kwa watoto wengi wa umri huo chanzo hakijulikani, na wasichana ndio ambao mara nyingi mkunjo wao huzidi. Alipofika kwa daktari alikuwa na miaka 15 na picha ya eksirei ilionyesha mkunjo wa zaidi ya digrii 70. Mimi, muuguzi, nilikuwa nyumbani Krismasi mbili na sikuwahi kumwambia avue sweta nimtazame.

Sasa chukueni ufito huu, mpitishe. Unene wake ni milimita 5.5, chini ya kalamu ya risasi. Wengi hudhani ni nondo ya ujenzi! Wale waliojenga nyumba za udongo wanajua kwamba ufito peke yake hausimamishi ukuta. Lazima ufungwe kwenye nguzo. Mgongoni ni hivyo hivyo. Fito mbili hulazwa, moja kila upande wa uti, na swali ambalo madaktari wamehangaika nalo kwa miaka mingi ni jinsi ya kuzifunga kwenye pingili.

Paul Harrington, daktari wa Houston, Marekani, alikuwa akitibu watoto waliopindwa na polio katika miaka ya 1950. Alitengeneza ufito wenye kulabu juu na chini, na meno kama ya jeki ya gari. Ukiusukuma jino kwa jino, mgongo unanyooka. Aliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1962 na watoto wengi walisaidika. Lakini baada ya upasuaji mgonjwa alikaa ndani ya plasta kwa miezi, na jeki ile iliunyoosha hata ule mbonyeo wa kiuno ambao Mungu ameuweka hapo kwa sababu. Baadhi yao walibaki wakitembea wameinamia mbele. Miaka ya 1970 Eduardo Luque wa Mexico akafunga ufito kwa waya kwenye kila pingili, kama fundi wetu anavyofunga fito kwa kamba, ili mgonjwa asihitaji plasta. Miaka ya 1980 Wafaransa Yves Cotrel na Jean Dubousset wakaonyesha kwamba ufito uliopindwa vizuri ukizungushwa, mgongo nao hufuata. Ndiyo maana hili koleo kubwa lipo mezani: ni la kupindia ufito, ufuate umbo la mgongo wa mtu mwenye afya.

Siku hizi kinachotumika zaidi ni skrubu. Kuna mzee hapa mbele ni fundi viatu. Yeye atatambua hiki kifaa cha kwanza, ni ndugu wa msharasi. Daktari hutoboa nacho ganda la mfupa. Kisha huingiza hiki chenye ncha butu, akisukuma polepole ndani ya shina la pingili, ambalo kwa mtoto linaweza kuwa na upana wa milimita chache tu. Kando yake hapo hapo unapita mshipa mkuu wa fahamu unaoenda miguuni. Kwa hivyo hakuna haraka. Baada ya kutoboa huja huu waya wenye kitufe kidogo mwishoni, nao ndio ninaoupenda kuliko vyote. Daktari hupapasa nao ukuta wa tundu, juu, chini, kulia, kushoto, na chini kabisa. Akihisi ukuta umetoboka, njia hiyo huachwa au hubadilishwa. Chumba kizima hunyamaza anapopapasa. Ndipo bisibisi inaitwa.

Na mnauliza, je, miguu ikipooza? Hatari ipo, sitawadanganya. Mwaka 1973 Stagnara na wenzake huko Ufaransa waliandika juu ya njia ya kumwamsha mgonjwa kidogo katikati ya upasuaji na kumwambia achezeshe vidole vya miguu, halafu alale tena. Njia hiyo bado ipo. Palipo na mtambo, fahamu za miguu hupimwa kwa umeme tangu mwanzo hadi mwisho.

Hofu nyingine nizimalize upesi. Chuma hakivuti radi. Msichana mwenye fito mgongoni anaweza kuolewa na kuzaa. Vyuma kwa kawaida haviondolewi, na si vyuma vinavyoshikilia mgongo maisha yote. Daktari huweka vipande vya mfupa kando ya uti ili pingili ziungane, na vyuma hushikilia tu mpaka ziungane. Mfupa usipoungana, ufito huchoka na siku moja huvunjika. Kwa hivyo kliniki za baadaye msiziruke hata mtoto akionekana mzima.

Naomba sasa mtazame sinia hii ya pembeni: patasi, nyundo, koleo la kung'ata mfupa. Mgongo ambao bado unanyumbulika huhitaji vichache kati ya hivi. Uliokwisha kukakamaa lazima mifupa ikatwe ndipo unyooke, saa zinaongezeka, damu inaongezeka, hatari inaongezeka. Kwa mpwa wangu sinia hii ilifunguliwa yote. Anatembea, yuko chuoni, namshukuru Mungu. Angefika akiwa na miaka 11 huenda angevaa tu mshipi mgumu wa plastiki, maana mtoto anayekua mwenye mkunjo wa digrii 25 hadi 40 mara nyingi hujaribiwa mshipi kwanza. Upasuaji hufikiriwa mkunjo ukikaribia digrii 50.

Kupima nyumbani hakuhitaji chombo. Mtoto avue shati, asimame miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining'inia. Kaa nyuma yake utazame. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu aandikiwe rufaa. Rudieni kila muhula anapokuwa anabalehe.

Kibiongo chenye ncha katikati ya mgongo, pamoja na maumivu, homa za jioni na kukonda, ni jambo lingine. Huenda ni TB ya mgongo. Huyo asikandwe wala asichuliwe. Apelekwe wiki hiyo hiyo, na miguu ikianza kulegea, siku hiyo hiyo. Dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali, na zikianza mapema wengi hupona bila kisu.

Kuhusu gharama, hakikisheni usajili wenu wa SHA uko sawa sasa, kabla ya rufaa, kisha mwulize afisa wa hospitali kinacholipiwa kabla ya tarehe kupangwa.

Naomba ule ufito urudi mezani, naona umekwama kwa vijana kule nyuma. Maswali tuanze na mama wa kitenge cha kijani, ameinua mkono tangu nilipotaja mitungi ya maji.