Ni Nani Aliyemwambukiza Mbwa?

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia



Tukitembelea vikundi, tunaulizwa hivi: mbwa akiwa na kidonda kisichopona, si afadhali tumfukuze kabla hajatuambukiza? Leo tulijibu swali hilo.

Kuna bakteria waitwao stafilokokasi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu anao puani, na hawamdhuru. Lakini wakiingia kidondani huleta usaha, na wakifika kwenye damu wanaweza kuua. Aina yao moja, iitwayo MRSA, imekuwa sugu. Haisikii penisilini wala dawa nyingi za jamii hiyo.

Sasa, huko Uingereza wanasayansi wa Cambridge na wenzao walichunguza sampuli 46 za MRSA zilizotoka kwa mbwa na paka kati ya 2003 na 2007. Walisoma chembe za urithi za bakteria hao. Bakteria wakizaana, chembe hizo hubadilika kidogo kidogo, kwa hiyo ukizilinganisha unajua nani ni ndugu ya nani, kama wazee wetu wanavyofuata ukoo.

Matokeo yalitolewa 2014. Karibu bakteria wote wa wanyama hao walikuwa wa ukoo mmoja na wale walioenea katika hospitali za watu, na asili yao ilionekana ni kwa watu. Yaani mtu alimwambukiza mbwa, na mbwa naye aweza kumrudishia mtu!

Basi kumfukuza mbwa si dawa. Tufanye haya:

1. Tunawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kushika kidonda, kiwe chetu au cha mbwa.

2. Tufunike vidonda vyetu, na mbwa asivirambe.

3. Tusifungue kapsuli zilizobaki nyumbani na kunyunyizia kidonda unga wake. Dawa ikitumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa, wale sugu hubaki na kuzaana.

4. Mtu aende zahanati, mbwa aonwe na daktari wa mifugo. Dawa tuitumie jinsi tulivyoagizwa.

Ndugu zetu, dawa hizo ndizo tutakazozihitaji mama akipasuliwa wakati wa kujifungua, au mtoto akiugua sana. Tuzitunze, zisije zikashindwa siku hiyo.