Ufunguo wa Tangi: Kufundisha Vijana Haki ya Mazingira kwa Njia ya Kutumikia
(Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa usharika katika Wiki ya Maadhimisho ya Miaka 100)



Namshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii. Waliotangulia kunena wametusimulia habari za waasisi wetu, za kanisa la kwanza la nyasi, na za kengele iliyobebwa mabegani mwa watu. Mimi nimepewa kazi ndogo zaidi. Nimeombwa niseme jinsi darasa letu la kipaimara lilivyojifunza jambo liitwalo haki ya mazingira. Nitalieleza kwa habari ya maji, kwa sababu ndiko tulikojifunzia, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru tunajua kwamba maji yetu mengi yana madini ya floraidi. Yanatoka katika miamba ya volkano ambayo maji hupita ndani yake kabla ya kutokeza kwenye chemchemi na visima. Kiasi kidogo cha madini hayo hakidhuru. Kikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na mtu akinywa maji hayo kwa miaka mingi mifupa yake huweza kukakamaa na kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kwa miaka mingi nchi yetu ilivumilia hadi miligramu 4, kwa sababu maeneo kama haya yetu hayakuwa na maji mengine.

Nilipokabidhiwa darasa niliwaza kwamba vijana wasikae tu darasani wakikariri Katekisimu, bali watoke wakatumikie. Tukatengeneza mabango, tukaenda mtaa wa chini, tukawafundisha akina mama kuchemsha maji ya kunywa. Bibi mmoja alitusikiliza hadi mwisho, akatukaribisha uji, kisha akaniuliza kwa upole: “Mwalimu, sisi tumechemsha maji tangu tukiwa wasichana. Mbona meno ya wajukuu wetu ni ya kahawia?”

Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani nikasoma, nikagundua kwamba kuchemsha huua vijidudu, na kwa hiyo ni jambo jema, lakini hakuondoi floraidi hata kidogo. Tena, maji yanapopungua sufuriani, madini hubaki na kuzidi katika yale yaliyosalia. Nikagundua pia kwamba magadi tunayotia katika maharage na makande ili yaive upesi huweza kuwa na floraidi nyingi. Hakuna hata moja la hayo nililokuwa nimewaambia wale akina mama. Tulikwenda kutumikia kabla ya kusikiliza, na huduma isiyosikiliza hufundisha kiburi: mtoaji hujiona mwenye hekima, na mpokeaji hubaki na shida yake ile ile.

Ndugu zangu, wazo la kujifunza kwa kutumikia si geni katika nchi hii. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya jamii, na mwanafunzi ajifunze kwa kazi inayowafaa watu. Wengi wetu tulisoma katika miaka iliyofuata, na tunakumbuka kilichotokea mahali pengi: shamba la shule likageuka mahali pa adhabu. Aliyechelewa alipewa jembe. Tulilima, lakini hatukuulizwa kwa nini mmomonyoko ulikuwa upande huu na si ule. Nimejifunza kwamba kazi bila swali ni kibarua, na swali bila kazi ni maneno matupu. Kijana anahitaji vyote viwili.

Kwa hiyo mwaka uliofuata tulianza upya. Mwezi wa kwanza hatukufundisha mtu yeyote. Kila kijana alipewa kaya tatu, akaenda na kuuliza: mnachota wapi maji ya kunywa? Nani anachota? Anatembea muda gani? Mnapikia maji yapi? Kisha tulichukua maji ya vyanzo mbalimbali tukayapeleka maabara. Majibu yaliporudi, vijana walichora ramani ya usharika kwenye karatasi kubwa, wakaweka rangi ya kijani palipo na maji mazuri na rangi nyekundu palipozidi kiwango.

Ramani ile ilitunyamazisha. Rangi ya kijani ilikuwa juu, karibu na chemchemi ya msituni, kwa wenye bomba, na kwa wenye paa kubwa la bati na tangi la kuvunia mvua. Rangi nyekundu ilikuwa chini: kwa wapangaji, kwa wajane, na katika visima viwili vilivyo karibu na shule ya msingi. Kijana mmoja akasema kwamba mlima haukumchagua mtu. Ni kweli. Floraidi iliwekwa na volkano, wala hakuna wa kushtakiwa kwa hilo. Lakini bomba linaelekezwa na watu, na tangi linajengwa na watu. Hapo ndipo habari ya mazingira inapokuwa habari ya haki.

Wenzetu wa Marekani walilifikia neno hili kwa njia ya mateso. Mwaka 1982, katika Kaunti ya Warren, jimbo la North Carolina, serikali ya jimbo iliamua kuzika udongo wenye sumu iitwayo PCB katika eneo ambalo wakazi wake wengi walikuwa watu weusi tena maskini. Waumini walitoka makanisani wakaandamana majuma kadhaa, wakalala barabarani mbele ya malori, na watu zaidi ya 500 walikamatwa. Jalala lilijengwa hata hivyo. Lakini mwaka 1987 kanisa la United Church of Christ lilitoa taarifa ya uchunguzi wa nchi nzima iliyoonyesha kwamba rangi ya wakazi ndiyo iliyoongoza miongoni mwa mambo yaliyoambatana na mahali taka za sumu zilipowekwa. Tangu hapo haki ya mazingira ikawa na jina.

Nasi tulilijua jambo lenyewe kabla ya jina hilo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mahali penyewe pamepewa jina la maji, kwa lugha ya Wamaasai. Safari ile haikurudisha ardhi mara moja, lakini iliwafundisha Watanganyika kwamba aliyeonewa aweza kusimama na kusema. Leo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inamtambua kila mtu aishiye Tanzania kuwa na haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Vijana wetu walikisoma kifungu hicho huku ramani ikiwa mezani.

Sasa nafika penye ugumu. Siku ile ile msichana mmoja wa darasa aliinua mkono akauliza: “Mwalimu, lile tangi la kanisa tumelitia rangi gani?” Hatukuwa tumelitia rangi yoyote. Tangi letu la lita 20,000, linalokinga maji ya paa hili lililo juu yetu, lilikuwa na kufuli, na maji yake yalitumika ofisini, katika nyumba ya mchungaji, na kwa wageni siku za sherehe. Watoto wa shule walipita kando yake kila asubuhi wakienda kunywa maji ya kisima chekundu.

Swali lile lilipelekwa kwenye Baraza la Wazee, wala sitawaficha kwamba kikao kilikuwa kizito. Wako waliosema mtoto amewakosea wazee adabu. Wako waliohofu kwamba tangi likifunguliwa litakauka kwa wiki moja. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa hiyo vijana hawakuijibu kwa maneno bali kwa hesabu. Lita 20,000 ni ndoo 1,000 za lita 20. Kiangazi chetu kirefu ni kama majuma 21. Kaya ikipewa ndoo moja mara mbili kwa juma, kwa kunywa na kupikia tu, itatumia ndoo 42. Basi tangi moja linatosha kaya 23.

Kaya 23 kati ya zote zilizo nyekundu! Nani apewe? Vijana walirudi kwa akina mama kuuliza, na jibu lilikuwa moja: wapewe kwanza wenye watoto wadogo. Elimu inawaunga mkono akina mama, kwa kuwa madoa hupatikana wakati meno yanapoumbika ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya kwanza. Wazee walikubali, na namshukuru mchungaji wetu aliyesema kwamba nyumba yake ihesabiwe kama kaya nyingine yoyote. Ufunguo ukakabidhiwa kwa Umoja wa Wanawake, na vijana wakapewa zamu ya kugawa na kuandika daftari.

Lakini wapo mama waliokuja na ndoo wakarudishwa kwa sababu majina yao hayakuwamo. Nimewaona vijana wakilia baada ya zamu. Sikuwafariji haraka. Niliwarudisha kwenye hesabu. Paa hili lina mita za mraba 400. Mvua ya milimita 10 huliangushia lita 4,000, na hata tukitoa robo inayopotea, hubaki lita 3,000. Siku saba za mvua ya namna hiyo hulijaza tangi, na maji yanayofuata humwagika na kuchimba makorongo. Mvua haikuwa chache. Tangi lilikuwa moja. Ziko pia njia nyingine, kama vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng’ombe, vilivyofanyiwa utafiti hapa hapa Ngurdoto. Hivyo huondoa floraidi, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, na hapo pana gharama na mtu wa kuwajibika.

Baba Askofu na wapendwa wageni, nabii Amosi alipotafuta mfano wa haki alichagua maji yatelemkayo. Sisi watu wa mlimani twaweza kumwelewa vizuri, maana twajua ni nani aliye juu ya mfereji na nani aliye chini. Katika miaka 100 usharika huu umefundisha watu kusoma, kuimba na kuomba. Ombi langu kwa mwaka wa 101 ni mawili. La kwanza, mafundisho ya kipaimara yawe na mwaka mmoja wa kusikiliza, kupima, kutumikia na kuyaleta majibu mbele ya wazee, hata majibu yanayotuaibisha. La pili, sehemu ya sadaka ya maadhimisho haya ijenge tangi katika kila mtaa, kuanzia kwenye shule ya msingi.

Ramani ya vijana imetundikwa mlangoni, mkono wa kushoto mnapotoka. Itazameni, mtafute nyumba zenu. Bado ina nyekundu nyingi.

Mungu aubariki usharika wetu.