Kisu cha Babu Si Chuma Chakavu

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema mwenye kisu kipya. Leo nataka tuzungumze juu ya visu vikuukuu, hasa vile vya kukunja tunavyotia mfukoni, na juu ya jambo lililonikuta Ufipa ambalo hadi sasa halijanitoka moyoni.

Sumbawanga iko juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi haina mchezo. Siku moja nikiwa nimejifunika koti nilipita kwa mchuuzi aliyetandaza turubai chini. Juu yake palikuwa na kufuli zisizo na funguo, spana, plaizi na minyororo ya baiskeli. Katikati ya vitu hivyo nikaona kisu chekundu cha kukunja, kimeganda kwa kutu na uchafu. Akataka shilingi elfu tano. Tukavutana, nikampa elfu tatu.

Wengi wetu tukinunua kisu cha mtumba hutazama rangi. Rangi haikati nyama. Tazama kwanza upana wa bapa. Kisu kilichonolewa ovyo miaka mingi huwa kimeliwa, na ncha yake hupanda juu ya mpini hata kikiwa kimefungwa. Pili, kifungue na ukitikise. Bapa likicheza kulia na kushoto, pini imelegea. Likifunguka bila kulia "ta!", springi imechoka. Tatu, soma chapa iliyopigwa kwenye bapa, karibu na mkunjo. Changu kilikuwa na jina la Victorinox, kiwanda kilichotokana na karakana ambayo Karl Elsener aliifungua mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, Uswisi. Kisu chake cha maofisa kilisajiliwa mwaka 1897, na tangu hapo kimeigwa duniani kote. Mwigaji hunakili msalaba na rangi nyekundu, lakini springi humshinda. Vipimo hivyo hivyo vinafaa hata kwa zile plaizi za kukunja zenye visu na bisibisi ndani, ambazo Mmarekani Tim Leatherman alianza kuziuza mwaka 1983.

Kukifufua hakukunigharimu kitu. Nilikiloweka katika maji ya moto yenye sabuni, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu, nikakikausha juani. Kwenye mkunjo nilitia tone la mafuta ya cherehani. Usitie mafuta ya kupikia, kwani baada ya muda hugeuka gundi. Kutu niliiondoa kwa msasa laini uliolowa mafuta, taratibu, bila kuigusa chapa. Kisha nikakinoa kwenye kinoo, upande huu mara kumi na upande ule mara kumi. Wako wanaokimbilia jiwe la umeme linalotoa cheche. Makali yakishabadilika rangi na kuwa ya buluu, ndugu yangu, ugumu wa chuma umeungua hapo, na kisu hicho hakitakaa na makali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe yote.

Siku mbili baadaye nilikuwa katika kijiji kimoja nje ya mji, nimeketi barazani kwa mwenyeji wangu, namenya chungwa kwa majivuno kidogo. Baba yake, mzee mwenye mvi tupu, akanyoosha mkono.

"Hebu nikione, mwanangu."

Akakifungua, akakifunga, akatabasamu. "Kizuri. Kimetoka kiwandani. Nisubiri."

Alirudi na kisu kifupi chenye mpini wa mti ulioshikwashikwa mpaka ukang'aa. Bapa lake lilikuwa jeusi, limejaa mabonde madogo, na halikuwa na chapa yoyote. "Hiki alikifua babu yangu," akasema. "Na chuma chake kilitoka humu humu ardhini."

Ndugu wasikilizaji, mzee yule hakuwa akisimulia ngano. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu, refu kuliko mtu mzima. Tanuri hiyo haikuhitaji mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini kuizunguka, moto ukapanda kama kwenye bomba la moshi. Kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, na hiyo ndiyo iliyopulizwa kwa mivukuto. Baada ya hapo mhunzi alikifua kuwa jembe, shoka, mkuki au kisu. Kazi hiyo ilikuwa na miiko na dawa zake, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka imalizike. Mwaka 1958 R. Wise aliandika habari hizi katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1995 mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda alitunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti wa uhunzi wa kusini-magharibi mwa Tanzania.

Moto wa malungu ulizimika wakati wa ukoloni. Majembe ya kiwandani yaliingia kwa bei ambayo mtu aliyekata magogo, akachoma mkaa, akachimba mawe ya chuma na kukesha tanurini hangeweza kushindana nayo. Wahunzi walibaki, lakini wakawa wanafua chuma cha wengine. Hata leo mhunzi wa kijijini hutafuta springi ya gari iliyokatika.

Basi mzee akanieleza lililokuwa likimsumbua. Kijana mmoja wa mjini alikuwa amekitaka kile kisu ampelekee mnunuzi wa nje. Alikuwa ametaja shilingi laki moja. Mjukuu wa mzee alikuwa anasubiri sare na madaftari.

"Wewe unayenunua visu," akaniuliza, "hiki ungekitoa kwa ngapi?"

Nilinyamaza kwa muda. Ningeweza kumtajia bei. Nilimweleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya jadi vilivyotengenezwa kwa matumizi ya jamii, na kwamba kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Akanitazama. "Sheria hiyo," akasema, "inanunua madaftari?"

Sikuwa na jibu, na sikununua kisu. Tulichofanya ni hiki: mwanawe alileta daftari, tukaandika jina la babu yule, kijiji alichofulia, na majina ya vifaa vyake kwa Kifipa kama mzee alivyoyakumbuka. Tukakipima kisu na kukipiga picha. Tukakubaliana kwamba mwenyeji wangu aende kwa Afisa Utamaduni kuuliza kama kuna njia ya kisu hicho kutunzwa na familia ikapata chochote. Nami nilichangia sare ya mtoto, kwa sababu ni rahisi mno kumwambia mwenye njaa alinde urithi.

Ndugu wasikilizaji, tunaokusanya vitu vya zamani tuna deni. Ukinunua kisu cha kiwandani turubaini, kifurahie, kwa maana walioandika habari zake ni wengi. Lakini ukipewa kisu kisicho na chapa, usiulize bei kwanza. Uliza nani alikifua. Chapa yake iko kichwani mwa mzee aliyekushikisha, na mzee akiondoka, mkononi mwako kinabaki chuma tu.

Na wewe unayenisikiliza huko mjini, leo jioni fungua sanduku la marehemu babu yako kabla mwuza vyuma chakavu hajapita na mizani yake. Kwaherini.