Hotuba ya Mwenyekiti: Khanga Zetu za Zamani na Wanunuzi wa Ng'ambo



Katibu ameshawasomea taarifa ya hisa na mikopo, hatutairudia. Sisi tumeombwa tuseme juu ya lile ambalo wengi mnatuuliza: imekuwaje wanawake wa kuweka na kukopa wakawa wanauza khanga kuukuu Maskati, London na Marekani, na imekuwaje hatuibiwi.

Khanga tunayoisema si hii mpya ya madukani Kariakoo, imejaa wanga inasimama yenyewe. Inayotafutwa ni ile iliyokaa sandukuni, pamba tupu, imefuliwa mpaka ikalainika, na jina lake halichapwi tena. Ziko za kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968. Ziko za Mali ya Abdulla kutoka Mombasa. Ziko za kumbukumbu za sikukuu za taifa. Wanaonunua ni ndugu zetu Waswahili walioko Omani na Ulaya, wanaotaka khanga kama walizovaa mama zao, na wako pia wakusanyaji wa vitambaa. Hata British Museum, jumba la makumbusho la London, linazo khanga.

Sasa tusikilizane. Khanga mpya ikipotea njiani umepoteza fedha. Ya marehemu mama yako ikipotea, hakuna duka utakaloikuta. Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni kwamba doti haitoki mpaka fedha imeingia. Ujumbe wa simu si fedha. Picha ya karatasi ya benki si fedha. Mweka hazina wetu hupanda gari akaenda mwenyewe dirishani, akauliza: imeingia, na je, inaweza kurudishwa? Wapo waliotuona wagumu. Katika mwaka wetu wa nne mnunuzi mmoja alituandikia maneno matamu, akaleta hundi kubwa kuliko bei ya doti sita, akasema amekosea, tumrudishie ile ziada upesi taslimu. Mweka hazina akasema tungoje hundi iive. Wiki ya tatu hundi ikarudi, haina kitu. Jamani, mtu yule hakutaka khanga, alitaka chenji! (Makofi)

Lakini na sisi wauzaji tuwe wakweli. Doti tunaitandaza juani, tunaipima, tunapiga picha pindo, mji na jina, mbele na nyuma. Doa la utomvu wa ndizi linaandikwa. Tundu la pini linaandikwa. Pale palipolika kwa mbeleko panaandikwa, maana mgeni hajui kwamba khanga imelea watoto wanne. Aliyezijua kasoro kabla ya kulipa hana la kudai baadaye, na picha zipo. Kipande kimoja tunakiita kipande kimoja, hatukiiti doti.

Kufungasha. Khanga ifuliwe na ikauke kabisa, kwa sababu hii hewa yetu ya Dar ukiifungia ndani ya nailoni ikiwa na unyevu, mzigo unafika na ukungu. Ndani ya boksi tunaweka karatasi yenye anwani zote mbili, boksi likichanika mzigo usikose mwenyewe. Halafu msitumie boksi kubwa bure. Makampuni ya usafirishaji kwa ndege hupima na ukubwa pia: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ukagawa kwa 5,000, wakatoza ile iliyo kubwa. Boksi la 50 kwa 40 kwa 30 ni kilo 12 kwao, hata kama ndani mna kilo tatu.

Kwenye fomu ya forodha tunaandika "khanga za pamba zilizotumika", idadi, uzito na thamani ya kweli. Kuna wanunuzi wanaotubembeleza tuandike zawadi, au tupunguze bei. Tunakataa. Ni uongo, na tena mzigo ukipotea huwezi kudai zaidi ya ulichoandika. Ushuru wa huko ni wa anayepokea, na tunamwambia kabla hajalipa. Siku hizi hili ni kubwa: Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vidogo tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikaondoa ule wa vifurushi visivyozidi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Mnunuzi asiyejua anashtuka, anaukataa mzigo, na gharama ya kuurudisha tunaangukiwa sisi. Risiti ya Posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, na mwisho TZ. Namba hiyo anapelekewa mnunuzi siku hiyo hiyo, risiti yenyewe inabaki kwenye faili.

Wale wa kubebesha wasafiri wa Maskati, tunakubali, ila mzigo unafungwa mbele ya msafiri na yeye anakung'uta kila doti kwa mikono yake. Na mwanachama wetu anayesafiri habebi mzigo wa mtu uliokwisha kushonwa, hata wa shoga yake. Mnayajua yanayowapata watoto wa watu kwenye viwanja vya ndege.

Mnunuzi akishapendezwa huomba na vingine: pembe, vitu vya kale, milango ya nakshi. Hapo tunasema hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila leseni, na mlango uliochongwa kabla ya 1940 umo ndani ya sheria hiyo.

Kikundi kinachukua sehemu ya kumi ya bei, iliyobaki ni ya mwenye khanga. Lakini doti ya marehemu haipokelewi mpaka watoto wake wote wameiona na kuridhia. Mwaka jana binti mmoja alikuja kuitazama ya mama yake, akaikumbatia, akaondoka nayo. Hatukumdai kitu.

Mzigo ujao unafungwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Daftari liko kwa katibu. Leteni kabla ya saa sita, zikiwa zimekauka.