Tuhesabu Siku za Mtoto



Sisi watu wa reli twajua saa ya kila treni, lakini siku ya mtoto kuzaliwa twaikisia tu. Wengine wetu tulichukua livu mapema, ikaisha, mtoto akazaliwa tuko njiani na treni ya mizigo, na bibi yu peke yake.

Basi tuhesabu hivi. Mama akumbuke siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Tuongeze siku 7, kisha turudi nyuma miezi 3. Ikiwa ilikuwa tarehe 10 Juni, tumtazamie mtoto tarehe 17 Machi. Hizo ni siku 280. Akiwa amesahau, au hedhi zake hubadilika-badilika, apimwe kwa ultrasaundi katika miezi 3 ya kwanza. Ndipo kipimo huaminika zaidi.

Lakini mtoto hafuati ratiba. Wengi huzaliwa kati ya juma la 37 na la 42. Kwa hiyo, kufika juma la 37, nauli ya kwenda hospitali na mtu wa kukaa na mama viwe tayari.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa baba livu ya majuma 2 kwa mshahara kamili. Tumwarifu msimamizi mapema, ila livu ianze mtoto ajapo, si tarehe tuliyokisia.