Majina Yasiyoandikwa

Maneno yaliyonenwa mbele ya waalimu na waumini, Makandana



Nimeagizwa kunena nanyi juu ya kutunza karatasi za zamani, hasa zile zinazoeleza habari za vita na za kugeuka kwa serikali. Labda mtu atasema moyoni mwake, Katika sikukuu ya jubilei karatasi zina kazi gani? Nami namjibu, Jubilei ni kuhesabu miaka. Naye asiye na daftari atahesabuje? Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ndivyo kwa mali, je, si zaidi kwa watu?

Tazameni mji wetu. Katika siku za Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, Tukuyu iliitwa Neu Langenburg, na boma lao lilikuwa hapa. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jemadari Northey, yalivuka kutoka Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, yakautwaa mji. Mambo hayo yameandikwa, maana wakubwa wa pande zote mbili walikuwa na makarani. Lakini jeshi haliendi kwa amri ya jemadari peke yake. Unga, risasi na mahema vilichukuliwa vichwani na wachukuzi, waliofuata askari milimani na mabondeni, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Majina yao yako wapi?

Mwaka 2021 halmashauri ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilitoa taarifa juu ya jambo hilo. Ilikiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika utumishi wa Dola ya Kiingereza kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina, na labda wengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na wa Misri. Itafakarini hesabu hiyo. Kati ya ile ndogo na ile kubwa ziko roho 234,000, wala hapana awezaye kusema kwa hakika kama ndivyo au sivyo. Huo ndio msiba wa kukosa daftari: mtu hufa mara ya pili.

Basi karatasi zilizosalia ziko wapi? Dar es Salaam, katika nyumba ya Nyaraka za Taifa, ziko faili za serikali ya Wadachi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 1997 katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu. Viko pia vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na Mabwana Shauri wa Kiingereza. Barua za wamisionari Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, zimetunzwa Herrnhut, huko Ujerumani. Na huko Marekani, katika chuo kikuu cha Stanford, iko nyumba kubwa ya karatasi za vita na mapinduzi, iliyoanzishwa na Herbert Hoover mwaka 1919. Angalieni mwaka huo: vita ilikuwa imekwisha jana tu. Hakungoja karatasi ziwe za kale ndipo aziite za thamani.

Lakini karatasi za wakubwa hazisemi yote. Katika vita ile Waingereza waliwakamata wamisionari Wadachi wakawapeleka kizuizini. Ndipo kazi ya makanisa yao ikashikwa na waalimu na wazee wenyeji. Mwandishi wa barua za kwenda Ulaya hakuwapo tena. Kwa hiyo miaka ile ambayo wazee wetu walisimama peke yao ndiyo miaka ambayo barua ni haba. Mtafutaji aweza kudhani ya kuwa hapakuwa na kazi, kumbe palikosekana kalamu tu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Hata hivyo dawa ipo. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini, wakawauliza wazee habari za Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hata 1907, wakayaandika maneno yao. Hivyo habari iliyokuwa hasa katika faili za Wadachi ikapata sauti ya pili. Walichelewa miaka sitini, lakini walikuta wazee wangali hai.

Sisi leo hatuwezi kumwuliza mchukuzi wa mwaka 1916. Lakini wako kati yetu waliokwenda vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, askari na mgambo. Wako wanaokumbuka siku ya uhuru, Desemba 9, 1961, na wale waliohamishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Kila mwaka twawazika.

Kwa hiyo, waalimu, nawasihi mambo manne. Kwanza, mwulizeni mzee, mkaandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kinyakyusa kama ndiyo lugha yake, pamoja na jina lake, kijiji na tarehe. Tena mtenge aliyoyaona na aliyoyasikia. Pili, msiyanyoshe maneno yake ili yapendeze. Ugomvi na aibu pia ni habari. Tatu, vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi visilale sakafuni. Mnajua mvua ya Rungwe, na mchwa hajui kusoma. Viwekwe juu, pakavu, na nakala au picha yake ikae mahali pengine. Nne, siri za watu zifungwe kwa ufunguo. Kutunza si kutangaza.

Mwezi huu kila kigango kimtafute mzee mmoja. Daftari moja na kalamu moja vyatosha kuanza.