Zawadi Itokayo Dukani Kwako
Maelezo ya Kamati ya Vifaa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya jambo ambalo watu hulizungumza pembeni baada ya harambee, lakini hapa mbele halisemwi. Ni mchango wa vitu kutoka kwenye biashara ya mtu mwenyewe. Sisi ni watu wa mpakani. Tangu barabara ya lami na reli ya TAZARA zilipopita hapa kuelekea Zambia katika miaka ya 1970, Tunduma imekula kwa kuuza na kununua. Mwenye mshahara hutoa fedha, mwenye duka hutoa mzigo, mkulima wa Mbozi hutoa kahawa, wa Kamsamba hutoa mchele. Yote ni michango, na yote tunaipokea.

Ugomvi huanzia kwenye bei. Tuseme mfuko wa saruji umeununua kwa shilingi 17,000 na unauuza 19,000. Ukitupa mifuko kumi, je, tuandike 170,000 au 190,000? Kamati yetu huandika 170,000, na nauli ya kuufikisha mzigo kama umeilipa wewe. Faida ambayo bado hujaipata hujatutolea. Wapo wanaonung'unika, lakini mwalimu aliyekatwa 100,000 kwenye mshahara naye anasoma orodha ile ile, na anajua kuhesabu. Kwa mazao tunatumia bei ya jumla ya sokoni siku hiyo. Na gunia liwe gunia, lumbesa hatuna namna ya kuiandika.

Halafu kuna ubora. Mtu akisimama akasema "bati mia moja", ukumbi hulipuka kwa makofi kabla hajataja geji. Ndugu zangu, geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Fundi wa bweni letu la wasichana amesema geji 28, kwa sababu upepo wa kule mnaujua. Bati mia nyembamba zitatulazimu tuziuze kwa hasara ndipo tununue nyingine. Afadhali utupe arobaini zinazofaa. Saruji nayo haikai kama chumvi. Ikikaa stoo miezi mingi hupoteza nguvu, na ikishaanza kuganda haifai hata kwa sakafu. Rangi zilizobaki za makopo matano ya aina tano tulishazipokea, tukashukuru, na hadi leo ziko stoo.

Kwa hiyo uliza kwanza. Piga simu kwa kamati, sema "nina hiki na hiki, mnahitaji kipi?" Kufanya hivyo si kujidai wala si kubana mkono.

Jambo jingine, tunaomba tusikilizwe kwa upole. Sukari iliyopita njia za panya kutoka Nakonde msituletee. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, ushuru unalipwa pale, na stoo ya shule haiwezi kuwa mahali pa kuficha magendo. Kila mzigo uje na risiti au hati ya kuupeleka, maana lori likisimamishwa njiani dereva hana la kujibu.

Sasa kuhusu kurudishiwa. Yuko ndugu mmoja, hatumtaji, alitupa nondo kwa moyo mweupe kabisa. Tulipotaka kununua saruji kwa fedha ya chama akadhani biashara ile ni yake, na bei aliyotutajia ilikuwa juu ya maduka mengine. Tulipokwenda kwingine akaacha kuhudhuria vikao, na hilo limetuuma. Huku kwetu mteja mzuri huongeziwa kidogo juu ya alichonunua. Wenzetu wa Nakonde huita mbasela. Mbasela ni njia halali ya kumvuta mteja arudi. Mchango wa chama haumvuti mteja. Tangu hapo tunachukua bei za maduka matatu, na mwenye duka akiwa mjumbe wa kamati anatoka nje tunapojadili, hata kama ndiye aliyetoa kuliko wote.

Lakini tuwe wakweli pia kwa upande wetu sisi tunaoomba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini huletewa kadi ya harusi Jumatatu, Jumanne msiba, Jumatano kwaya, Alhamisi timu ya mpira, Ijumaa tunaingia sisi. Bidhaa zilizo rafuni si utajiri wake, nyingi ni mkopo wa benki au mali ya msambazaji anayesubiri kulipwa. Na ipo tabia mbaya ya kumwendea kijana wa kaunta na kumwambia "bosi amesema tuchukue". Yule kijana akikubali, jioni hesabu haitimii, na anayekatwa mshahara ni yeye. Kamati yetu haichukui kitu kwa kijana wa kaunta. Tunakwenda watu wawili, na barua yenye muhuri, kwa mwenye duka mwenyewe. Akisema mwaka huu mambo magumu, tunamshukuru na tunaondoka, wala jina lake halisomwi popote.

Kuhusu matangazo, jina la duka lako litaandikwa kwenye ukurasa wa shukrani, na kipaza sauti kitalitaja leo. Kulipaka ukutani mwa bweni tumekataa. Wapo wanaosema tunawanyima haki yao, na mjadala huo unaendelea, lakini kwa sasa ukuta ni wa wasichana.

Kuta zimefika lenta. Mvua kwetu huanza Novemba, na tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo hazitavumilia masika bila paa. Kinachohitajika ni bati za geji 28, mbao za kenchi zilizokauka, misumari ya bati na kofia za paa. Daftari la vifaa liko meza ya kushoto, karibu na mlango. Andika kitu, geji au kipimo, na siku ambayo tunaweza kuja kukichukua.